Kusoma IE kwenye kibao cha mota kabla hujatoa pesa

Mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga kule Manzese aliniomba nimsindikize mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, kununua mota. Ya kwake, ya farasi 20, ilikuwa imeungua mara ya tatu, na safari hii hakutaka tena kuipeleka kwa fundi wa kuwaindi, yaani wa kusuka koili upya. "Binti yangu," aliniambia tukiwa kwenye bajaji, "wananiambia zipo mota za IE3, hazili umeme. Nataka hiyo."

Dukani kijana alituonyesha mbili. Zote za bluu, zote zimeandikwa 15 kW, zote zina IE3 kwa herufi kubwa. Ya pili ilikuwa nafuu kwa shilingi laki sita. Mzee akaipapasa ile ya nafuu, kisha akaniangalia. Nikamwambia, "Mzee, nipe dakika tano." Nikachuchumaa, nikafuta vumbi kwenye vibao vyote viwili, nikafungua kikokotoo cha simu.

Kazi yangu ni umeme wa viwandani, mwaka wa kumi na tisa sasa, sehemu kubwa kwenye viwanda vya Chang'ombe na vile vya kando ya Barabara ya Nyerere. Nimeona watu wakipoteza pesa kwa kuipuuza IE, yaani daraja la ufanisi lililo kwenye kibao cha mota, na nimeona wengine wakizipoteza kwa kuiamini bila kuipima. Nitaeleza ninavyoisoma mimi, hatua kwa hatua, na nitarudi kwa mzee na mota zake mbili.

Herufi hizo zinapima nini

Mota inapokea umeme kwenye nyaya na kutoa nguvu kwenye shafti. Kinachoingia huwa kikubwa kuliko kinachotoka, na tofauti yote inageuka joto. Sehemu ya joto hilo inazaliwa kwenye koili za shaba, sehemu kwenye vyuma vya rota, sehemu kwenye bati nyembamba za chuma zilizopangwa kuzunguka koili, na kidogo kwenye beringi na ile feni ya nyuma. Ufanisi ni hesabu ya kilichotoka kwenye shafti ukigawanya kwa kilichoingia. Mota yenye ufanisi wa asilimia 90 inakula uniti 10, inakusagia kwa uniti 9, na uniti moja inapasha hewa ya banda lako.

IE ni daraja la ufanisi huo. Lilipangwa na IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, mwaka 2008, na likaboreshwa mwaka 2014 katika kiwango kinachoitwa IEC 60034-30-1. IE1 ni la chini, IE2 linafuata, IE3 ni la juu, IE4 ni la juu zaidi. IE5 nayo ipo sokoni, ila nyingi kati yake haziwezi kuendeshwa bila inveta, yaani kifaa cha kubadilisha hezi ili kupanga kasi ya mota, kwa hiyo kwa mashine ya kusaga ya mtaani usiisumbukie.

Ukinunua mtumba wa Ulaya unaweza kukutana na kibao cha EFF1, EFF2 au EFF3. Huo ni mpangilio wa zamani, na namba zake zinakwenda kinyume: EFF1 ndiyo iliyokuwa bora na EFF3 ndiyo ya chini. EFF1 inakaribiana na IE2 ya leo, EFF2 inakaribiana na IE1. Nimeshaona mtu akiiacha EFF1 nzuri kabisa kwa kudhani moja ni ndogo.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba IE3 haina asilimia moja. Inategemea ukubwa wa mota, idadi ya poli (ncha za sumaku zinazotengenezwa na koili) na hezi za umeme. Mota ndogo ya IE3 ina ufanisi mdogo kuliko mota kubwa ya IE1, na hakuna udanganyifu hapo, ni tabia ya mashine zenyewe. Hizi ni asilimia za kiwango hicho kwa mota za poli 4, yaani zile za mizunguko 1,400 na kitu, kwa umeme wetu wa hezi 50. Zinakili kwenye simu yako.

| kW | IE1 | IE2 | IE3 | IE4 |
|---|---|---|---|---|
| 2.2 | 79.7 | 84.3 | 86.7 | 89.5 |
| 4 | 83.1 | 86.6 | 88.6 | 91.1 |
| 7.5 | 86.0 | 88.7 | 90.4 | 92.6 |
| 11 | 87.6 | 89.8 | 91.4 | 93.3 |
| 15 | 88.7 | 90.6 | 92.1 | 93.9 |
| 22 | 89.9 | 91.6 | 93.0 | 94.5 |
| 37 | 91.2 | 92.7 | 93.9 | 95.2 |

Soma mstari wa 15 kW. Kutoka IE1 hadi IE3 ni pointi 3.4, na mtu atasema ni kidogo. Sasa iangalie kwa upande wa joto. Ikibeba mzigo wote, IE1 inapoteza karibu wati 1,900, IE3 karibu wati 1,290. Yaani ndani ya mota ya IE1 kuna kitu kama jiko la umeme linalowaka saa zote unazosaga, na IE3 imelipunguza kwa theluthi.

Kiwango hiki kinahusu mota za kuanzia 0.12 kW hadi 1,000 kW, za poli 2 hadi 8, zilizotengenezwa kufanya kazi mfululizo. Pampu ya kisima, ile inayozama na mota yake humo humo, haimo. Ukikosa IE kwenye kibao cha pampu ya kisima usimgombeze muuzaji.

Kibao kinajishuhudia chenyewe

Hapa ndipo nilipokuwa nimechuchumaa pale Gerezani. Kibao cha mota, ambacho mafundi wengi wanakiita neimpleti, kina namba ambazo zikipigiwa hesabu lazima zikubaliane. Anayebandika IE3 ya uongo mara nyingi anabadilisha herufi hizo peke yake na kuziacha namba nyingine kama zilivyokuwa.

Tafuta vitu vinne: kW, V, A na cos φ, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli. Hiyo kW ni nguvu ya shafti, yaani kinachotoka. Watu wengi wanadhani ndiyo inayoliwa kwenye mita. Siyo. Kinacholiwa unakipata hivi kwa mota ya fezi tatu: 1.732 mara volti mara ampea mara cos φ. Jibu linakuja kwa wati. Halafu gawanya nguvu ya shafti kwa jibu hilo.

Kibao cha ile mota ya bei kubwa kilisema 15 kW, 400 V, 28 A, cos φ 0.84, mizunguko 1470. Piga: 1.732 × 400 × 28 × 0.84 ni wati 16,295. Gawanya 15,000 kwa 16,295, unapata 0.92. Asilimia 92. Jedwali linasema IE3 ya 15 kW ni 92.1. Inakubaliana, na hiyo sehemu ndogo ni kwa sababu ampea na cos φ huwa zimefupishwa.

Kibao cha ile nafuu kilisema 15 kW, 400 V, 30.5 A, cos φ 0.82. Piga: 1.732 × 400 × 30.5 × 0.82 ni wati 17,327. Gawanya 15,000 kwa hiyo: 0.866. Asilimia 86.6. Hiyo siyo IE3. Siyo IE2. Hata IE1 haifiki, maana IE1 ingetakiwa iwe 88.7.

Nikamwonyesha mzee simu. Akaniomba nirudie, nikarudia, safari hii yeye mwenyewe akibonyeza namba. Yule kijana wa dukani naye akainama kutazama. Akasema, "Dada, mimi huwa naletewa tu hizi, sikuwahi kujua kama kibao kinaweza kupigiwa hesabu." Nilimwamini. Alinakili kanuni hiyo nyuma ya daftari la risiti.

Ukiona tofauti ya pointi moja kati ya hesabu yako na jedwali, usigombane na mtu. Kwanza kuna huko kufupisha namba. Pili, viwango vya IEC vyenyewe vinaruhusu upotevu wa mota hadi 150 kW uzidi ule ulioandikwa kwa asilimia 15. Kwa mota yetu ya 92.1, upotevu ni 7.9, na asilimia 15 yake ni karibu 1.2, kwa hiyo mota moja ikipimwa ikatoka 90.9 bado iko ndani ya kanuni. Tofauti ya pointi tano na nusu ni habari nyingine.

Kibao cha mtengenezaji makini kwa kawaida kinaandika asilimia yenyewe pembeni ya daraja, mfano "IE3 – 92.1%", na mara nyingi kinatoa tatu: kwa mzigo wote, kwa robo tatu, na kwa nusu. Herufi IE3 peke yake bila asilimia popote ni sababu ya kuanza kupiga hesabu. Uzito nao unasema. Njia za kupunguza joto ni kuongeza shaba, kutumia bati bora zaidi na kurefusha kiini cha chuma, na vyote hivyo vina kilo. Mota mbili za kW sawa na fremu sawa, moja ikiwa nyepesi waziwazi, ile nyepesi imepunguziwa kitu ndani. Pale dukani ile ya kwanza ilisogezwa na vijana watatu, ile ya nafuu na wawili.

Angalia pia hezi. Mitumba ya Marekani imeandikwa 460 V na hezi 60, na asilimia iliyo kwenye kibao ni ya hezi hizo. Ukiiwasha kwenye 400 V na hezi 50 inazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na haitoi tena kW zilizoandikwa. Jedwali la juu halihusiani nayo.

Saa kwanza, daraja baadaye

Kabla ya kuamua ni daraja gani ununue, jibu swali moja: mota hii itazunguka saa ngapi kwa mwaka? Mzee anasaga kama saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hizo ni saa 3,000. Mzigo wake si wote muda wote, na tuuchukue robo tatu, yaani kilowati 11.25 kwenye shafti. Yuko T1, kundi la bei la TANESCO la wateja wa matumizi ya kawaida, na nilitumia shilingi 292 kwa uniti, kabla ya VAT na tozo za EWURA na REA. Wewe chukua bei iliyo kwenye risiti yako ya LUKU au kwenye ankara yako.

IE3 halisi inakula 11.25 gawanya kwa 0.921, kilowati 12.2. Kwa saa 3,000 ni uniti 36,600 hivi, na kwa bei hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 10 na laki sita kwa mwaka. Hapo nilimwona mzee akinyamaza. Alikuwa amekuja na wasiwasi wa bei ya mota, na kumbe kila mwaka anawalipa TANESCO mara kadhaa ya bei hiyo kwa ajili ya mota hiyo hiyo.

IE1 ingekula uniti 1,400 zaidi kwa mwaka, karibu shilingi 410,000. Ile yenye kibao cha uongo, kwa asilimia zake 86.6, ingekula uniti 2,300 zaidi ya IE3, karibu shilingi 680,000. Laki sita ambazo mzee angezibakiza mfukoni siku ile zingekwisha kabla ya mwaka kuisha, na kuanzia hapo angeendelea kuzilipa kila mwaka hadi mota ife.

Sasa geuza. Jirani yake ana mashine ya kukoboa inayowashwa msimu wa mavuno na siku chache za hapa na pale, tuseme saa 400 kwa mwaka. Kwake tofauti ya IE1 na IE3 kwa mota ya ukubwa huo huo haifiki shilingi 60,000. Huyo nilimwambia asikope pesa kwa ajili ya IE3, atafute IE2 iliyo salama na abaki na mtaji wake. Kwa maoni yangu, mota inayozunguka chini ya saa 1,000 kwa mwaka haistahili kununuliwa kwa kuangalia daraja peke yake. Inayofika saa 3,000 au kuzidi, naanzia IE3. Viwanda vinavyokesha, saa 8,000 kwa mwaka, wapige hesabu ya IE4. Kwa mota ya 15 kW yenye mzigo wote, kutoka IE3 hadi IE4 ni uniti 2,500 hivi kwa mwaka.

Pale nilipokosea mimi

Lipo jambo nililojifunza kwa kuaibika, na nataka wewe ulipate bure. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi kilikuwa na feni ya kunyonya vumbi, mota ya 7.5 kW ya siku nyingi. Mimi ndiye niliyeshauri tuweke IE3. Hesabu yangu kwenye karatasi ilionyesha tutapunguza karibu asilimia 5 ya umeme wa feni hiyo. Tukaifunga. Nikapima na klampu mita na mita ya kilowati, wiki ya kwanza, wiki ya pili. Haikushuka. Meneja akaniuliza pesa imeenda wapi, na sikuwa na jibu.

Jibu nilikuja kulipata kwa takometa. Mota ya zamani ilikuwa ikizunguka 1440 kwa dakika. Mpya ilikuwa 1465. Mota yenye ufanisi mkubwa huwa inateleza kidogo, yaani inakaribia zaidi ile 1500 ya umeme wenyewe. Kwa mkanda wa kubebea mifuko hilo si tatizo. Kwa feni na pampu za maji ni tatizo kubwa, maana nguvu inayohitajika inapanda kwa mizunguko ikizidishwa mara tatu kwa yenyewe. 1465 gawanya kwa 1440 ni 1.017, na ukiizidisha mara tatu kwa yenyewe unapata 1.053. Feni ilikuwa inasukuma hewa zaidi ya inavyohitajika na kudai nguvu asilimia 5 zaidi. Kila tulichobakiza kwenye joto kilikwenda kwenye upepo usio na kazi.

Dawa yake ilikuwa puli. Ya mota ilikuwa na kipenyo cha milimita 180, nikaenda kwa fundi wa kukereza, akanitolea ya 177. Feni ikarudi kwenye mizunguko yake ya zamani, na umeme ukashuka kama karatasi ilivyosema. Kwa hiyo, kabla hujang'oa mota ya feni au pampu, pima mizunguko ya ile ya zamani ikiwa na mzigo na uiandike. Kama feni imeunganishwa moja kwa moja na shafti bila mkanda, puli huna. Hapo fikiria inveta, au usitegemee akiba yote.

La pili, dogo, ila litakusumbua siku ya kwanza: IE3 inavuta ampea nyingi zaidi inapoanza, mara saba au nane ya ampea za kibao, kwa muda mfupi. Sakiti breka iliyokuwa ikivumilia mota ya zamani inaweza kukatika. Siyo kwamba mota ni mbovu. Breka na ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, zipangwe upya kwa mota mpya, na fundi asikimbilie kuweka breka kubwa kuliko nyaya zinavyoruhusu.

Mota kubwa isiyo na kazi

Kuna tabia Dar es Salaam ya kununua mota kubwa "ili isichoke". Mashine inataka kilowati 8, mtu anafunga ya 22. IE3 iliyo kwenye kibao hicho inapimwa kwa mzigo wote. Kati ya robo tatu na mzigo wote ufanisi haubadiliki sana. Chini ya nusu unaanza kushuka, na chini ya robo unaporomoka. Cos φ inaporomoka mapema zaidi. Kwa mteja wa T2 au T3, makundi ya watumiaji wakubwa, anayelipia na kVA (umeme wote anaouvuta, hata usiofanya kazi) kila mwezi, hilo linaonekana kwenye ankara kwa mstari wake wa peke yake.

Kujua mzigo halisi, ampea zinaweza kukudanganya, kwa sababu hata mota isiyobeba kitu inavuta ampea nyingi za kujitengenezea sumaku. Mimi napima mizunguko. Toa mizunguko uliyopima kwenye 1500, toa na mizunguko ya kibao kwenye 1500, gawanya ya kwanza kwa ya pili. Kibao kinasema 1465, umepima 1482: 18 gawanya kwa 35, mzigo ni karibu nusu. Ni makadirio, lakini yanatosha kukuambia kama umenunua mota ya lori kuvutia toroli.

Kuwaindi

Sitaki mtu aelewe kwamba mafundi wa kuwaindi wanaharibu mota. Mwaka 2003 vyama vya mafundi hao, EASA cha Marekani na AEMT cha Uingereza, vilichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mota ikiwaindiwa kwa utaratibu mzuri ufanisi wake haushuki kwa kiasi cha maana. Shida iko kwenye neno utaratibu.

Koili zilizoungua zimegandishwa na vanishi, na njia ya haraka ya kuzitoa ni moto. Nimesimama kwenye uwanja wa nyuma wa karakana moja, nikaangalia kasha la mota likiwashwa kwa vipande vya mbao vilivyomwagiwa oili chafu, chuma kikawa chekundu. Zile bati za ndani zimetenganishwa moja na nyingine kwa utando mwembamba ambao macho hayauoni. Chuma kikiwa chekundu utando umeshaungua, bati zinagusana, na kuanzia siku hiyo umeme unazunguka ndani ya chuma chenyewe na kukipasha hata mota ikiwa haina mzigo. Hakuna waya mpya wa kurekebisha hilo. Ndiyo maana mota ya mzee iliungua mara ya pili na ya tatu, kila mara baada ya muda mfupi zaidi.

Ukipeleka mota kuwaindiwa, mwulize fundi anatoaje koili. Anayetumia tanuri lenye kipimo, lisilozidi nyuzi joto 350 hivi, mpe kazi. Mwombe ahesabu mizunguko ya koili na apime unene wa waya kabla ya kukata, arudishe vile vile, bila kupunguza waya kwa sababu ule mnene umeisha dukani. Na kabla mota haijaungua, siku ikiwa nzima, pima ampea zake bila mkanda na uziandike. Ikirudi kutoka kwa fundi, pima tena hivyo hivyo. Zikiwa zimepanda sana, kuna kitu kimebadilika ndani. Na IE iliyo kwenye kibao baada ya hapo ni historia ya mota, si hali yake ya leo.

Volti nitazitaja kwa haraka. Pima fezi kwa fezi, zote tatu. Ukipata 398, 402 na 385, wastani ni 395, na ile ya mwisho imepungua kwa 10, yaani asilimia 2.5. Tofauti hiyo ndogo ya volti inazaa tofauti ya ampea mara sita hadi kumi yake, na hakuna daraja la IE linaloivumilia. Mara nyingi chanzo ni terminali iliyolegea au kontakta iliyoliwa, kazi ya dakika 20.

Mzee alinunua ile ya kwanza. Nilikwenda kuifunga Jumatatu asubuhi kabla wateja hawajajaa. Mapezi ya mota ya zamani yalikuwa yamezibwa na unga hadi huoni chuma, nikamwonyesha mjukuu wake namna ya kuyasafisha kwa brashi kavu kila Jumapili umeme ukiwa umezimwa. Tukawasha, tukamimina mahindi, nikasubiri robo saa ndipo nikapima. Volti 397, 399, 398. Ampea 22.7. Mizunguko 1477, na kwa kibao cha 1470 huo ni mzigo wa robo tatu na kidogo, sawa na tulivyokadiria Gerezani.

Nikaziandika namba hizo ukutani kwa maka nyeusi, juu ya starta, pamoja na tarehe. Mzee akauliza za nini.

"Siku mahindi ni yale yale na ampea zimepanda, mzee, utajua kuna kitu kimeanza. Beringi, mkanda umekazwa kupita kiasi, au fezi imelegea. Utaniita kabla haijaungua."

Akamwita mjukuu wake, akamwambia azinakili na kwenye daftari la mauzo, kwa sababu ukuta huo hupakwa chokaa kila Idi.